Bucha Chini ya Jino

Wifi yangu ana kadi ya biashara iliyoandikwa Mkurugenzi Mtendaji na Mbunifu Mkuu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye meza mbili, kompyuta mbili, mashine ya kukata stika, feni inayozunguka ikijisikia, na choo tunachochangia na fundi simu wa mlango wa pili. Wa kuongozwa na mkurugenzi huyo nilikuwa mimi peke yangu.

Nilifika pale baada ya ghala nililofanyia kazi miaka kumi na saba kufungwa. Nina diploma ya ugavi. Nimepokea na kutoa kila kitu kinachokaa kwenye rafu, kuanzia misumari hadi magodoro, na sikuwahi kupoteza hata boksi moja. Mwezi wa tatu wa kukaa nyumbani nilianza kupanga vikombe kwa ukubwa na kuwauliza wanangu nani amechukua kijiko bila kuaga. Baba watoto akasema afadhali niende kwa dada yake kabla sijaanza kuwasainisha watoto sahani za chakula.

Wifi alinipokea kwa masharti. Fundi wake aliyekaa naye miaka minne alikuwa ameondoka kwenda kufungua duka lake, na ile meza ya pili ilikuwa tupu. Akanipa mwezi mmoja wa kujifunza. Mwisho wa mwezi ningepewa kazi ya mteja wa kweli: niandae faili, nikate, nikabandike, pasipo mtu kunisaidia. Nikiweza, meza ni yangu. Nikishindwa, kuna binti mwenye shahada ya michoro ya kompyuta aliyekwisha kuleta barua.

"Wifi, mimi nakupenda," alisema. "Ila kompyuta haijui undugu."

Nikamwambia sawa. Niliitaka ile meza kuliko nilivyoonyesha. Nina miaka arobaini na minane, na kila ofisi niliyopeleka vyeti vyangu walinitazama kama mtu aliyekuja kuulizia pensheni ya mumewe.

Siku ya kwanza Mkurugenzi alinifundisha kujisikia. Ndivyo alivyosema: ubunifu ni kujisikia. Aliketi kando yangu na kikombe chake cha chai, akanionyesha rangi zinazopendana na rangi zinazonuniana, akafumba macho kidogo alipofika kwenye zambarau. Nikamuuliza kisu cha mashine kinajuaje pa kupita. Akasema hayo ni mambo ya mikono, nitayaelewa mbele ya safari. Tangu fundi aondoke, yeye mwenyewe alikuwa akikata yale mafaili ya zamani tu ambayo fundi aliyaacha tayari: namba za nyumba, "Funga mlango", "Usivute sigara hapa". Anafungua, anabonyeza, mashine inakata. Kazi hiyo hata paka angeiweza akiwa na kidole.

Kazi yangu ya kwanza nilichukua picha ya waridi, picha safi kabisa, umande unaonekana kwenye petali. Nikaiweka kwenye faili, nikatuma kwenye mashine. Kisu kikaenda kulia, kikashuka, kikaenda kushoto, kikapanda, kikasimama. Nilikuwa nimekata mraba.

Wifi alicheka hadi akashika meza. Akamwita fundi simu aje aone. "Mama Diploma ameleta ua," alimwambia, "lakini ua limeingia ndani na kufunga dirisha." Fundi simu naye akacheka, na yeye ni mtu ambaye kila simu anayopelekewa anasema ni betri. Jina la Mama Diploma likanikaa tangu siku hiyo.

Nilipiga magoti nikatazama chini ya mashine, na huko nikakuta kitabu cha maelekezo kikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Miaka minne. Wala gundi ya mfuko haikuwa imefunguliwa. Nikaenda nacho nyumbani, nikakisoma kama ninavyosoma hati ya mzigo, mstari kwa mstari, na daftari pembeni.

Kumbe jambo lenyewe ni dogo. Mashine haioni picha. Haioni rangi, haioni umande, haijui zambarau. Ina kisu chenye ncha ndogo kuliko ya sindano, nacho kinafuata mistari tu. Palipo na mstari kinakata. Picha yangu haikuwa na mstari ndani yake, kwa hiyo kisu kikazunguka ukingo wa picha. Mwezi mzima wa kujisikia usingenifundisha hilo.

Sisemi nilikuwa mwerevu. Wiki ya pili niliandika jina la binti yangu mkubwa kwa herufi za kushikana, zile za mikia mirefu, nikalikata, nikampelekea abandike kwenye daftari lake. Lilimbandukia vipande vipande. Kila herufi ilikuwa imelala kidogo juu ya jirani yake, na kisu kikakata kila mahali zilipopandana. Binti akaniuliza kwa upole kama kuna jambo amenikosea, maana nimemkata mara saba. Nikarudi kwenye kitabu: herufi za kushikana zinaunganishwa kwanza ziwe mstari mmoja, ndipo zinakatwa. Nikaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Niliwatazama pia walimu wa kwenye video. Wote wanasema "rahisi tu" kila baada ya nusu dakika, na mkono unakwenda mbio kama wameiba hiyo kompyuta.

Jambo moja nilikuwa nalo tayari, nalo ni kuchambua. Stika ikishakatwa inabidi uvute mabaki yote kwa kibano, ubakize kinachotakiwa tu. Ni kazi ya mtu asiye na haraka na asiye na kucha za bandia. Wifi hakuwahi kuigusa.

Na kwenye ukurasa wa arobaini na moja nikakuta kitu kilichonifurahisha peke yangu mle ofisini: amri ya kwenye kompyuta inayovua rangi zote na kubakiza mistari mitupu. Ukiibonyeza unaona kile ambacho kisu kitaona. Nikawa naibonyeza kwa kila faili langu kabla ya kukata. Wifi akiniona na ile mistari ya kijivu kwenye kioo anabetua midomo, anasema naharibu kazi nzuri kwa kuivua nguo.

Kazi ya mtihani ilikuwa ya daktari wa meno aliyekuwa akifungua kliniki mtaa wa nyuma yetu. Alitaka mlango wake wa kioo uwekwe jino kubwa la buluu, chini yake maneno "Kliniki ya Meno", na chini zaidi saa za kazi. Anafungua kesho yake saa mbili asubuhi. Nilikwenda mwenyewe kupima kioo, nikapima mara mbili. Niliporudi wifi alikuwa ameshachora jino, na kwa kweli lilikuwa jino zuri, limenona, lina kamng'ao kwenye kona. Akanikabidhi faili.

Nikamwambia ngoja nilikague. Akasema nikague nini, yeye ndiye Mbunifu Mkuu, faili liko tayari, kazi yangu ni kuliwekea vipimo vya mlango na kukata. Alisimama nyuma yangu ameshika kiuno. Nami, badala ya kubonyeza ile amri, nikaweka vipimo na kutuma.

Hapo kosa ni langu na simwachii mtu. Miaka kumi na saba sikuwahi kutia saini mzigo ambao sijaufungua, hata ulioletwa na meneja mwenyewe. Siku hiyo nilitia, kwa sababu mtu alisimama nyuma yangu ameshika kiuno.

Kisu kilichukua muda mrefu mno. Kilizunguka jino, vizuri, kisha kikarudi katikati ya jino na kuanza kuchezacheza hapo, kikahama, kikarudi tena. Niliposhika kibano nikavuta kona ya kwanza, jino likaanza kumomonyoka mikononi mwangu. Kikatoka kipande chenye pembe. Kikatoka kingine chenye masikio. Nikaona kichwa cha ng'ombe. Kando yake, herufi zilizokatwa safi kabisa, bila kosa: NYAMA LAINI KILA SIKU. Usukani wa gari ulikuwa umelala kwenye mzizi wa jino, na mkasi wa saluni umekatiza saa za kazi.

Wifi akaja kuona mbona kibano kimesimama. Akatazama, akashika kichwa.

"Umefanya nini, wifi?"

Hakungoja jibu. Alisema alijua. Alisema alimwambia kaka yake kwamba mtu wa ghala ni wa ghala. Rola ya stika ya buluu ilikuwa imebaki kipande kimoja tu cha kutosha mlango mmoja, duka la kuuza rola liko upande wa pili wa mji, na daktari anafungua kesho. Alisema hayo yote huku akitafuta kwenye simu namba ya yule binti mwenye shahada, aje sasa hivi aokoe ofisi. Sauti yake ilipanda hadi fundi simu akasimama mlangoni na bisibisi mkononi, akijifanya amekuja kuazima gundi.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikafungua faili lake, nikabonyeza ile amri.

Rangi zikaondoka. Jino likabaki mstari, na chini ya jino kukafunguka mtaa mzima. Kulikuwa na bucha, ng'ombe na pembe zake. Chini ya bucha kulikuwa na shule ya udereva na usukani wake. Chini ya shule kulikuwa na saluni, mkasi, kitana na mwanamke mwenye shingo ndefu. Kati ya kila mmoja na mwenzake palikuwa na mstatili mkubwa, na huo nao kisu kilikuwa kimeukata.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

Akaiweka simu chini. "Hiyo ni bucha ya mwaka jana."

"Inafanya nini ndani ya jino?"

"Si nimeifunika?" akasema. "Nimeweka karatasi nyeupe juu yake. Mbona haionekani."

Basi akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. Fundi aliwahi kumtengenezea mafaili matatu yenye ukubwa sahihi: moja la kazi za buluu, moja la nyekundu, moja la nyeusi. Akija mteja wa buluu, yeye anafungua faili la buluu, anatandika mstatili mweupe juu ya mteja aliyepita, anachora mpya hapo juu. Nadhifu kabisa. Hakuna anayeona kitu.

"Umemfunikia nani?" nikasema. "Kisu hakina macho."

"Mbona miaka minne haijatokea? Fundi alikuwa anakata tu..."

Hapo alijisikia mwenyewe anachosema. Miaka minne yule fundi alikuwa akipokea faili kutoka kwa Mbunifu Mkuu, analinakili, anawatoa wateja wa chini mmoja mmoja, ndipo anakata, na hakuwahi kumwambia. Labda alichoka kumwambia. Labda aliona ni rahisi zaidi kuwatoa ng'ombe kuliko kusikilizwa. Mtu aliyenicheka kwa kukata mraba hakuwahi, katika maisha yake, kuandaa faili hata moja la kukatwa. Fundi simu akasema atarudi baadaye kuchukua gundi.

Nilisogeza kiti mbele. Kipande kilikuwa kimoja, mlango mmoja, saa tisa mchana. Nikaanza kwa kumtoa yule mwanamke wa saluni.

"Usifute," wifi akasema, na akanishika mkono. "Hao ni wateja wangu. Wakirudi je?"

Kwa hiyo, kwa heshima ya ng'ombe, nikatengeneza nakala, nikaipa jina la mteja na tarehe, nikaacha kaburi lake la buluu kama lilivyo. Kwenye nakala nikatoa saluni, udereva, bucha na mistatili yote mitatu. Kamng'ao ka kwenye jino nako kalikuwa tone jeupe lililowekwa juu, nikalitoboa ndani ya jino liwe tundu la kweli. Herufi za "Kliniki ya Meno" zilikuwa za kushikana, nikaziunganisha. Nikabonyeza amri, nikapita mstari kwa mstari na kidole kwenye kioo cha kompyuta. Hapakuwa na kitu kisichotakiwa. Nikapeleka kishale pa kutuma.

Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, amekunja mikono. Alisema taratibu, kama anayesemea ukuta:

"Stika za mlango zinabandikwa kwa ndani ya kioo, vumbi na mikono ya watu visizifikie. Ukikata hivyo, wagonjwa wa nje watasoma kinyumenyume. Lakini mimi najua nini."

Nikauondoa mkono kwenye kipanya. Alikuwa sahihi. Nilipima kioo mara mbili, nikasahau kujiuliza stika inakaa upande gani. Faili lilitakiwa kugeuzwa lote kama linavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Na lile faili lake la kwanza pia hatukuligeuza. Hata kama ng'ombe asingekuwemo, tungeaibika. Nikaligeuza. Sikusema asante, naye hakuingoja. Kisha nikatuma, na kisu kikazunguka jino mara moja tu, kikashuka kwenye maneno, kikamaliza.

Muda ulikuwa umebana, ikabidi tuchambue wawili. Zile kucha zake zilikuwa zikikwama kwenye gundi kama miguu ya kuku kwenye tope. Alivuta mabaki ya nje vizuri, lakini matumbo ya herufi, yale ya ndani ya "a" na "o", aliyaacha yote, herufi zikawa zimevimbiwa. Nikamwambia atoe matumbo. Akauliza matumbo gani. Nikamwonyesha. Akayatoa, moja moja, ulimi umetoka nje kidogo, na kwa nusu saa nzima hakutaja kujisikia.

Kliniki ilinuka spiriti na rangi mpya. Tulilowanisha kioo kwa maji ya sabuni, tukaweka stika kwa ndani, nikasukuma maji kwa kadi ya plastiki kuanzia katikati kwenda pembeni, nikabandua karatasi ya juu iliyobeba herufi. Daktari alitoka nje kutazama. Alisimama pale barabarani, akasoma kwa sauti, akaingia tena akasema jino lake limekaa vizuri kuliko yale anayoyatibu. Akauliza nani ametengeneza.

"Ofisi yangu," alisema wifi, akatoa kadi.

Nilikuwa nakunja kitambaa. Nikaendelea kukikunja.

Tulipotoka alitembea hatua mbili mbele yangu, mgongo umenyooka, viatu vinagonga lami kwa hasira. Kwenye kona alisimama akanigeukia.

"Wifi, tusiumeume maneno. Sharti lilikuwa usisaidiwe. Mimi nimekukumbusha kugeuza. Bila mimi ungeharibu kipande cha mwisho."

"Ni kweli," nikasema. "Na sharti lilikuwa niandae faili la mteja mmoja. Nimeandaa la wanne."

Mtu aliyepita na mkokoteni wa ndoo akatuomba njia, tukampisha, mmoja kushoto mmoja kulia. Alipokwisha kupita, wifi alikuwa bado anatafuta cha kunijibu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwenye ule ukoo nilimwona amekosa. Sikumhurumia. Nilijua tukifika ofisini atakuwa amepata, kwa hiyo nikaongea kabla hajapata. Nikamwambia anaweza kumwita yule binti wa shahada asubuhi. Binti atafungua faili jekundu na jeusi, atakuta wanaoishi humo, na yeye hana undugu nasi wa kumfanya anyamaze. Au anaweza kuacha.

Alitazama viatu vyake.

"Meza chukua," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini kaka asijue."

"Asijue nini?"

"Ya bucha."

Nikamwahidi wifi kwamba mume wangu nitamficha bucha, saluni na usukani wake, kwa sharti langu moja. Kila siku kuanzia leo, saa moja kabla ya kufunga, yeye anakaa kwenye kompyuta na mimi nasimama nyuma. Akasema hawezi kufundishwa kazi yake mwenyewe na mtu wa mwezi mmoja. Nikamjibu mtu wa mwezi mmoja ndiye aliyepo, wa miaka minne amekimbia.

Tulirudi ofisini ikiwa bado kweupe. Nikavuta kiti, akaketi, akarekebisha mkufu wake kama anayepigwa picha. Nikamwambia somo la kwanza ni dogo sana: afungue faili jipya, tupu, lisilo na mtu ndani.

Akashika kipanya. Akapeleka kishale juu kulia, akakirudisha kushoto, akafungua faili la buluu, akalifunga haraka. Akajaribu kwenye rangi. Akajaribu kwenye kuchapa. Aliuliza, bila kunitazama, kama nina uhakika hiyo kompyuta ina kitu cha namna hiyo.

Nikashika kiuno, nikamwacha atafute.